Sauti ya Mama Mkwe Chumbani

Siku hizi utabiri wa mvua humfikia kila mkulima kwa sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe humwamini kuliko wote. Mashine ndiyo huchagua, na haibembelezwi. Kwa mume wangu Makokha ilichagua sauti ya mama yangu mzazi.

Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, sembuse cha kulala. Basi kila alfajiri kisanduku cha utabiri ukutani mwa chumba chetu kikikohoa tu, Makokha huruka kitandani, huvaa suruali na shati, kisha husimama ameinamisha kichwa.

"Mwanangu, mvua itakatika mapema. Acha mahindi, panda mtama."

"Ndiyo, Mama."

Mimi hucheka ndani ya blanketi, kwa hasira. Maneno hayo hayo nimemwambia miaka mingapi?

Jumamosi mama akaja mwenyewe, akasimama uani na mfuko wa mbegu za mahindi. "Pandeni haraka, mvua hii hapa!"

Makokha akatazama chini. "Lakini Mama, ulinikataza."

"Mimi? Lini?"

Sauti ya mama ikatoka chumbani, ya upole kabisa: "Mwanangu, usimsikilize huyo."

Makokha akageukia dirisha la chumba, akafunga kifungo cha shingoni.

"Ndiyo, Mama."