Afisa Amepanda Fungu

Boti ya afisa wa serikali ilipanda fungu la mchanga mbele ya kijiji chetu cha Ndau, maji yakiwa yamekupwa. Alisimama ndani yake akitupungia mkono.

"Serikali imekwama!" mzee mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hakucheka. Kibali kilisema bahati nasibu yetu ichezeshwe leo kabla ya Magharibi, hadharani, mbele ya afisa. Maji yangejaa usiku. Tukichezesha bila yeye, kila mtu angerudishiwa pesa yake, na chumba cha kuzalia tulichokuwa tukikichangia kingebaki kuta bila paa. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Chezesha tu, Bi Mwenyekiti," wakamhimiza. "Si anatuona?"

"Atuona sisi, hazioni tikiti," akajibu, lakini mkono wake ulikuwa umeshashika kifuniko cha sufuria ya tikiti.

Sikuwa nimewahi kusema mbele za watu. Niliuondoa mkono wake taratibu, nikaifunga sufuria kwa leso yangu, nikajitwika, nikashuka pwani.

"Alawiya! Wenda wapi na tikiti zetu?"

Matope yalinifika magotini, moto juu, baridi chini. Sufuria haikutikisika; nimebeba maji kichwani tangu nilipoacha shule. Nyuma yangu nikasikia mtu anatumbukia matopeni, kisha wengine. Kijiji kizima kilikuwa kinanifuata, kanzu na mabuibui yamepandishwa.

Nilipofika botini, afisa alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

Nikafungua leso, nikamwinulia sufuria.

"Hadhara hii hapa," nikasema, wote wakasikia. "Tia mkono, bwana."