Babu wa Kijalubani

Mbwa wa Bi Mwanakombo alilala nje ya mlango, maana mate yake ni najisi. Sebuleni kulikuwa na kijaluba, kisanduku kidogo cha tambuu, cha pembe ya ndovu, kimechongwa mbwa wawindaji wakimkimbiza paa.

"Yule wa mbele ni babu yangu," Mbwa akamtambia Paka. "Kila mgeni humshika kwa heshima."

"Basi ingia umwamkie," Paka akasema.

Mbwa akaingia, akamlamba babu usoni. Ufagio ukamtoa mbio, na kijaluba kikaoshwa mara saba, moja kwa udongo.

"Babu kaitikia?" Paka akauliza.

Mbwa akacheka huku akijilamba mgongo. "Miaka yote babu alikuwa pembe. Leo nimekwenda kudai ukoo, naye kawa mbwa."