Shairi Lililomshinda Kavenya

“Chuku!” Mwalimu Mwero alisema, akipiga meza kwa furaha. “Mtu akikwambia amelia hata kitanda kikaelea, hiyo ni chuku. Ametia chumvi, basi.”

Kavenya aliliandika neno hilo polepole, ameinamia daftari. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya kukata miwa. Alikuwa ametoka Ramisi alfajiri, na hii ilikuwa Jumamosi ya tano anakaa peke yake kwenye benchi la chumba hiki cha tuisheni, nyuma ya duka la vitambaa pale Ukunda.

“Na nitajuaje kama ametia chumvi, Mwalimu? Kama ni kweli, je?”

Mwero alicheka. “Ah, mama! Nyinyi watu wa bara mna kazi! Shairi halisomwi kama barua ya chifu. Mshairi hasemi kitu waziwazi. Ukimwamini neno kwa neno, umepotea.”

Kavenya hakucheka. Aliliandika na hilo pia.

Mwero alikuwa amestaafu Desemba iliyopita, baada ya miaka thelathini ya kufundisha fasihi, mingi katika shule ya wasichana ya bweni upande wa Kombani. Sasa alifundisha watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Wengi walikimbia wakifika kwenye vina na mizani. Huyu mama wa Kikamba, aliyeacha masomo kidato cha pili, hakukimbia. Alihesabu silabi kwa vidole mpaka midomo ikamkauka. Tashbihi aliielewa siku moja tu. Sitiari ilimtoa jasho Jumamosi mbili, maskini, na mara moja alilia, machozi yakaangukia daftari, akaomba radhi. Mwero alimhurumia kwa dhati. Kuliko wanafunzi wake wengine wote, alitamani huyu afaulu.

“Mtihani wenyewe utaufanya mwaka gani, mama?”

“Kuna shairi moja tu linanishinda, Mwalimu. Nikilielewa hilo, sitakusumbua tena.”

“Lilete basi! Ulikuwa ukilificha la nini?”

“Nilitaka nijue kwanza kulisoma mwenyewe. Nisije nikamkosea mtu.”

Alitoa mkobani daftari lingine, lililofunikwa kwa gazeti, akalifungua katikati na kuliweka mbele ya mwalimu. Sehemu ya chini ya ukurasa aliiziba kwa kiganja.

Mwero alivaa miwani yake. Alisoma kwa sauti, na mahadhi ya darasani yakamrudia:

Ngazi tatu nikipanda, pumzi huniponyoka,
Moyo wangu unadunda, kama mtu atoroka,
Viatu vimenishinda, miguu imefutuka…

“Mashaallah! Nane kwa nane, haikupungua hata mizani moja! Huyu ni fundi. Haya, niambie. ‘Kama mtu atoroka’?”

“Tashbihi.”

“Umepata! Na ngazi tatu kummaliza mtu pumzi? Na miguu kukataa viatu?”

“Niambie wewe, Mwalimu.”

“Si chuku hiyo, mama! Chuku tupu!”

Kavenya aliondoa kiganja. Chini ya ubeti palikuwa na wino mwekundu, na Mwero aliutambua mwandiko kabla hajausoma, kwa kuwa ulikuwa wake mwenyewe: “Chuku safi sana, Damaris! 19/20.”

“Ni mwanangu,” Kavenya alisema. “Alifariki mwezi wa pili, bwenini. Daktari alisema moyo wake ulikuwa mgonjwa zaidi ya mwaka. Akaniuliza, kwani mtoto hakumwambia mtu?”