Chai ya Mchanga

Mzazi asiye na kibali haruhusiwi kucheza na mtoto mwenye usonji. Mchezo ni tiba, na tiba hutolewa na waliosomea. Tangu sheria ianze, watoto wengi zaidi wanazungumza, na Mwanakombo halipingi hilo. Yeye alifeli mtihani wa kibali. Kwa hiyo hukaa kwenye kochi, sebuleni mwake mwenyewe, huku Mwalimu Tumsifu akicheza kupikapika sakafuni na bintiye Raya, wa miaka minne. Kamera ya kituo cha tiba iko darini.

Siku ile Raya alijaza mchanga kwenye kifuu, akampita mwalimu, akasimama mbele ya kochi.

"Mama, karibu chai."

Hakuwahi kumwita mama.

Mikono ya Mwanakombo ilinyanyuka, ikarudi mapajani. Mzazi akiingilia mchezo, mtoto huhamishiwa bweni la kituo.

"Mwalimu, hata funda moja? Chai haikataliwi."

"Usipokee, mama Raya, nakuomba. Watamchukua. Tazama dirishani."

Mwanakombo akatazama dirishani. Raya alisubiri mpaka mkono ukachoka na mchanga ukaanza kumwagika. Kisha akampelekea mwalimu ile chai, naye akainywa kwa kelele.

"Ah! Tamu, ila sukari umeibania, shoga yangu!"

Raya akacheka.

Mwezi uliofuata alikuwa akisema sentensi nzima, na alikuwa amejifunza kupika wali na mchuzi. Kila mara alipakua vifuu viwili, kimoja chake na kimoja cha mwalimu.