Doa Kwenye Barafu

Barblina aliacha sufuria ya jibini motoni, akatoka kuitazama picha ya mlima wao aliyokuwa akiipaka mchoraji, mgeni wake.

"Wiki nzima unakula jibini langu, na hapa kwenye barafu hujapaka kitu?"

Mchoraji alicheka. "Kwa rangi za maji, mama, theluji haipakwi. Unaiacha karatasi tupu."

"Hapo si patupu. Mume wangu alitumbukia humo, na bado yumo, mwaka wa thelathini huu."

Kicheko kilimkauka. "Sehemu gani?"

Barblina alionyesha, na kidole chake chenye masizi kikagusa karatasi.

"Maskini, nimekuharibia!"

"Si kitu, doa linafutika." Mchoraji alilowesha sponji.

Doa lile lilikuwa dogo, jeusi, kama mtu anayeshuka mlimani peke yake.

Barblina alimshika mkono. "Mwache," alisema. "Mwache ashuke."