Panya wa Peke Yake

Marceline alikwisha kumchagua panya mweupe wa kufuga, lakini mzee mfugaji hakumpa.

"Mama, utamuweka na nani?"

"Peke yake, Papa. Ni wa kuzungumuza naye tu."

Sokoni wangemuuzia panya aliyenaswa mtegoni, mwenye mguu uliovunjika, bila swali. Huyu mzee alifungua tundu la pembeni akatoa jike mmoja, akamlaza kiganjani. Kifuani hakuwa na unyoya hata mmoja. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka.

"Wenye walimununua walimurudisha juzi. Walimufungia mu chumba, peke yake, na chakula kizuri kila siku. Akaanza kujing'oa manyoya. Sasa mimi natoa wawili, ao sitoi."

Marceline alivuta kitambaa cha kichwa mpaka kikafunika masikio.

Mzee aliona. "Na wewe, Mama, unakaa na nani?"

Mlangoni shemeji wa Marceline, kijana aliyevaa suti ya abakost, alitikisa funguo. "Tuende! Bwana yako iko mbali, kule Bendera, mimi kaka yake njo naulizwa juu yako. Nikufungie, niende kazi."

Marceline akaketi juu ya gunia la pumba, akaanza kufungua kitambaa ili mzee aone mahali alipojing'oa nywele.