Tuta la Stroberi Nyuma ya Jiko

Jembe dogo la Chausiku lilinasa kwenye kitambaa.

Alikuwa anang'oa mche mmoja wa stroberi ulionyauka ghafla, ilhali miche mingine yote kwenye tuta imenawiri. Udongo chini yake ulikuwa laini, kama umefukuliwa juzi tu.

Akakifungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na kipande cheusi, kikavu, kifupi kama kikonyo cha tunda, kimefungwa uzi mweupe.

Kitovu cha mtoto mchanga.

Miaka tisa ya ndoa hapa Mpale, na hajawahi kushika mimba. Na kwao kitovu hakizikwi popote tu. Huzikwa nyumbani kwa baba wa mtoto.

"Hapo usichimbe!" Mama mkwe alikuwa ametoka jikoni mbio, ungo bado mkononi.

"Mama, hiki ni cha nani?"

Bibi yule alipiga magoti tutani, akakipokea kwa mikono miwili, akakipuliza udongo.

"Taratibu, mwanangu," akasema, na uso wake ukamsaliti kwa furaha. "Ni wa kiume."